Tulimsifia Kaka Mpaka Akanyimwa Pensheni

Kwa karibu mwaka mzima niliamini, kwa moyo wote, kama ninavyoamini kwamba ugali hauliwi kwa kijiko, kuwa nyuma ya chumba wanachokaa madaktari wa bodi kule Mbeya huwa linaegeshwa gari jeupe lisilo na madirisha. Mgonjwa wa akili akiingia mbele ya bodi, familia yake ikajisahau ikasema ukweli wote, daktari mmoja anabonyeza kengele iliyofichwa chini ya meza. Mlango wa nyuma unafunguka. Mgonjwa anapakiwa, gari linakwenda moja kwa moja hadi hospitali ya vichaa Dodoma, huko ananyolewa, anapewa namba, na harudi tena mpaka dunia iishe. Pensheni yake anakula daktari aliyebonyeza kengele.

Aliyeniambia ni kinyozi wangu wa Mlandege, hapa Iringa, wembe ukiwa shingoni mwangu, na mtu mwenye wembe shingoni huwa habishi.

"Bwana wee, binamu wa mke wangu alikwenda na miguu yake mwenyewe, kavaa na tai," alisema. "Kufumba na kufumbua, mlango wa nyuma. Kilichobaki pale sakafuni ni kiatu kimoja."

Kilichonimaliza ni kile kiatu. Mimi nauza viatu vya mitumba. Ukinisimulia habari ya kiatu kilichobaki bila mwenzake, hapo umenishika pabaya, siwezi kukuhoji tena. Na msidhani sikuwa nimesoma. Nilikuwa nimeshamaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa na watoto watatu na kitambi cha kutosha kuwekea daftari. Baiolojia nilipata C. Na bado niliamini.

Uvumi huu ulinihusu kwa sababu ya kaka yangu. Kaka alikuwa fundi mitambo kwenye kinu cha kukoboa mpunga kule Rujewa tangu enzi ambazo mimi bado nachunga mbuzi wa watu. Ndiye aliyenilea baba alipoondoka duniani. Alikuwa na masikio ya ajabu: angeweza kukaa nyumbani anakula, beringi ya kinu inayotaka kufa ikalia, akaweka tonge chini akasema, "Ile ya kushoto." Mimi huwa nasema angeisikia hata akiwa Makambako na upepo unavuma upande mwingine.

Halafu akaanza kusikia na mengine. Mwanzo alisema kuna watu wanazungumza ndani ya mashine, tukacheka, tukadhani ni utani wa mafundi. Baadaye akasema wanamtaja jina. Kukawa na wiki ambazo ni yeye kabisa, anatania, anakula, anauliza bei ya viatu. Na kukawa na wiki ambazo anakaa nyuma ya nyumba ameziba masikio, haogi, hali, ukimwita anakutazama kama umesimama ng'ambo ya mto. Nilimleta kwangu Iringa, tukaenda kliniki, ugonjwa ukapewa jina na dawa zikaanza. Muuguzi wa pale akatuambia wazi kwamba mtu mwenye hali hii asisogelee mikanda ya mashine. Tena akasema, kama mwajiri wake alikuwa anamchangia kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, aombe pensheni ya ulemavu.

Shemeji, mke wa kaka, aliposikia neno ulemavu alimkagua mumewe kuanzia vidole vya miguu.

"Lakini viungo vyote vipo," akasema.

"Si lazima ukose kiungo, mama," muuguzi akamjibu. "Ugonjwa wa akili nao umo."

Basi hilo ndilo lililokuwa mezani. Bodi ya madaktari ikikubali, kaka anabaki nyumbani na dawa zake na kitu cha kulia. Ikikataa, anarudi kwenye mkanda wa kinu, na mkanda wa kinu haujui leo umeamka na wiki ipi.

Fomu yenyewe ilianza kutukera tangu ukurasa wa kwanza. Ilikuwa na mchoro wa binadamu, mbele na nyuma, unatakiwa uweke alama mahali palipoumia. Tukaweka alama kichwani. Karani wa mfuko akatazama, akatazama na kichwa cha kaka, akauliza, "Alipigwa na nini?"

Siku ya bodi ikafika. Sasa, kwetu mtu haendi mbele ya wakubwa kama alivyoamka. Hata ukienda kueleza kwamba nyumba yako imeungua, unaazima kwanza shati. Kaka tulimnyoa, shemeji akapiga pasi suti ya harusi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata nyanya, na mimi nikafungua robota jipya nikamtolea viatu vya ngozi kutoka Italia, au ambavyo angalau viliwahi kupita karibu na Italia. Ilikuwa moja ya zile wiki nzuri. Alipendeza hivi kwamba getini mlinzi alimpigia saluti.

Ndani kulikuwa na madaktari watatu nyuma ya meza ndefu. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuangalia chini ya meza. Nikaona miguu tu. Kitu cha pili, nikaona nyuma yao mlango. Mlango wa nyuma, jamani, uleule! Na kwa mbali nje, gari likawa linawashwa.

"Shikamoo mzee," akasema daktari wa katikati, kijana mwenye miwani.

"Marahaba, hamjambo wanangu?" kaka akajibu kwa sauti ya mtu anayefungua kikao cha harusi.

"Hatujambo. Unaendeleaje?"

"Vizuri, namshukuru Mungu."

"Usingizi unapata?"

"Napata."

"Kazi ndogondogo za nyumbani?"

"Nafanya."

"Anafanya sana," shemeji akadakia, macho chini kwa adabu. "Maji anachota, bustani analima."

Bustani! Jembe hakuwa amelishika tangu mahindi yakiwa machanga. Lakini nimlaumu vipi? Kwetu ukiulizwa hali, jibu ni zuri. Mtu kavunjika mguu, mfupa unachungulia, ukimuuliza za tangu jana anakwambia nzuri, ila mguu umesumbua kidogo. Hata msibani tunaanza na nzuri, maiti iko chumba cha pili. Na mke kumtangaza mumewe mbele ya wageni kwamba haogi, hilo hakufundishwa na mama yake wala na kanisa. Mimi kwa upande wangu nilikuwa nasikiliza lile gari, nikaona njia ya kumwokoa kaka ni kuongeza sifa.

"Daktari," nikasema, "huyu ndiye kichwa cha ukoo wetu. Kuanzia Rujewa mpaka Iringa, hakuna kesi inayoamuliwa bila yeye."

Wakaandika. Tulikaa mle kwa muda wa kunywa kikombe cha chai kilichopoa. Wataalamu watatu, na hakuna aliyeuliza siku mbaya ikoje. Tulipotoka na kaka akiwa mzima, viatu vyote viwili miguuni, nilimkumbatia shemeji kwa furaha mpaka akanishangaa.

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa. Mwanachama ana uwezo wa kuendelea na kazi yake.

Mimi nilishika kichwa. Shemeji alikaa chini pale pale kwenye kizingiti. Aliyefurahi ni kaka. Aliisoma ile barua kwa kila jirani.

"Mmeona?" akasema. "Madaktari watatu! Na nyie mlikuwa mnanilisha vidonge kama kuku wa kisasa."

Akaacha dawa, akavaa ovaroli, akarudi Rujewa na mkewe. Bosi wake si mtu mbaya, ila naye angefanya nini? Karatasi inasema mzima. Kama mzima hataki kazi, huyo ni mtoro.

Haukupita muda mrefu shemeji akanipigia simu. Hakusalimia, na hapo nikajua.

"Shemeji, njoo."

Kaka alikuwa amefungua kifuniko cha mkanda mashine ikiwa inatembea, akaingiza mkono. Alisema kuna mtu ndani anamwita amtoe. Fundi mwenzake akaruka akazima umeme. Mkanda ulikwenda na mkono mzima wa ovaroli na ngozi ya kiwiko, na kama yule mwenzake angekuwa ameinamia gunia lingine, sijui ningekuwa naandika nini leo. Nilipofika Rujewa nilimkuta amekaa nyuma ya nyumba, kiwiko kimefungwa, ameziba masikio. Nikamrudisha Iringa, yeye na shemeji, kwenye baridi na kwenye dawa.

Hapo ndipo nilipoamua kukata rufaa, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba wakati wa masomo ya jioni kuna somo tuliruka.

Nikaenda ofisi ya mfuko Iringa. "Mwanachama huyu ni wa Mbeya," wakasema. Nikaenda Mbeya. "Mgonjwa anatibiwa Iringa, ripoti ya daktari itoke Iringa." Nikarudi Iringa, kliniki wakaandika ripoti, nikaipeleka. "Tungeipokea, ila mfumo unasumbua." Wiki iliyofuata mfumo ulikuwa chini. Wiki nyingine mfumo umerudi ila anayeujua yuko semina. Ule mfumo ulikuwa mgonjwa kuliko kaka yangu, na hakuna aliyewahi kuufikisha mbele ya bodi. Nilikwenda na kurudi hadi wauza viazi wa Nyololo, katikati ya njia, wakawa wananiuliza, "Leo wamekwambiaje?" na mimi nawajibu, mdomo umejaa kiazi, "Wamesema niende nilikotoka." Biashara ikalala. Wateja wangu wa viatu walihamia kwa jirani, na jirani, Mungu anamwona, hakuwahi kusikitika.

Kila siku niliyopigwa chenga, kaka alikuwa anauliza, "Ovaroli yangu umeiweka wapi?"

Mwisho nikaambiwa niandike barua ya rufaa. Ah! Barua! Hapo walikuwa wamenikuta. Nilikaa siku nzima ya Jumapili, nikaandika kurasa saba kwa Kiswahili ambacho mwalimu wangu wa jioni angelia kwa fahari. Nilianza na heshima na taadhima, nikaeleza kwamba kaka ni mchapakazi, mwaminifu, hanywi, havuti, amelea yatima ambaye ni mimi, mzee wa kanisa, hajawahi kugombana na bosi. Niliamini kabisa kwamba mfuko ukijua ni mtu mwema kiasi gani, utaona aibu kumnyima. Ndivyo barua zetu zote zilivyo. Ukitaka nafasi ya shule, ukitaka mchumba, ukitaka kiwanja, unaleta mtu wa kukusifia.

Dada wa dirishani Mbeya aliisoma yote, mimi nimesimama, foleni nyuma yangu inanung'unika. Akaikunja taratibu.

"Kaka," akasema, "hii ni barua ya kumwombea mtu kazi."

Foleni ikacheka. Mzee mmoja akaropoka, "Mpe kazi basi, dada!"

"Ningekuwa na kinu ningemwajiri leo," akaendelea yule dada, na yeye hakucheka. "Unataka pensheni ya ulemavu au unataka apandishwe cheo?"

"Sasa niandike nini, dada yangu?"

"Andika asichoweza. Andika siku mbaya ikoje."

"Nimseme kaka yangu mkubwa vibaya? Kwa maandishi?"

"Humsemi vibaya. Unasema anaumwa. Akiwa na malaria ungeandika ni mchapakazi?"

Nilitaka kumuuliza kuhusu lile gari. Neno lilifika kwenye meno. Lakini foleni ilikuwa imeshafika Uyole, nje ya mji, na kila mmoja ndani yake alikuwa anakohoa kwa makusudi. Nikameza.

Niliporudi Iringa nilimweleza shemeji, tumekaa jikoni, kaka amelala chumba cha pili.

"Tumekwama, shemeji," nikamwambia. "Tukisema mzima, mashine. Tukisema mgonjwa, gari."

Habari ya gari alikuwa ameshaisikia kwangu, tena nikiwa nimeiongezea pingu na mbwa. Akageuza maharage, akafunika sufuria.

"Bora gari," akasema. "Gari nitalifuata mpaka Dodoma. Huo mkanda nitaufuata wapi?"

Nikachukua karatasi, naye akawa anasema, mimi naandika. Kwamba zipo wiki haogi mpaka aogeshwe. Kwamba visu anavificha kwenye debe la unga, si kwa sababu kaka ni mkali, ila kwa sababu siku moja alitaka kujitoboa sikio sauti zitoke. Mimi hilo sikulijua. Miezi yote ile, mke wa kaka yangu alikuwa anaokota visu kwenye unga kila anapotaka kukata kitunguu, na akiulizwa habari za nyumbani anasema nzuri. Barua ikatosha ukurasa mmoja.

Waliipokea. Mfumo, kwa maajabu, ulikuwa unafanya kazi. Tukapangiwa bodi nyingine, madaktari wengine.

Safari hii tulitaka aende na koti lake la kila siku. Alikataa. Alikuwa katika wiki mbaya, amekonda, hajalala, lakini alisema haendi mbele za watu kama mlinzi wa shamba la mtu. Tukampa suti yake. Ilimning'inia.

Chumba kilikuwa kilekile. Niliingia, nikasalimia, nikachukua kiti changu nikakipeleka hadi kule nyuma ya madaktari, nikakaa mgongo wangu ukiwa umeegemea ule mlango.

Mwenyekiti wa bodi safari hii alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Akageuka.

"Mbona umekaa huko?"

"Napenda upepo, daktari."

"Huo mlango umefungwa."

"Upepo kidogo unatosha, mama."

Akaniacha. Akamgeukia kaka, wakasalimiana, wakajuliana hali kwa kilugha chetu, kamwene, kamwene, maana naye alikuwa wa huku kwetu.

"Unaendeleaje, mzee wangu?"

"Vizuri," kaka akasema. "Namshukuru Mungu."

Nikamtazama shemeji. Njia nzima alikuwa ameapa kwamba atasema. Sasa alikuwa anakunja ncha ya kitenge chake, anakunjua, anakunja, na mdomo haufunguki. Daktari akachukua kalamu. Niliiona ile kalamu inashuka kuelekea kwenye karatasi, na nikauona mkanda wa kinu, nikakiona kile kiwiko.

"Si vizuri," nikasema.

Tangu nizaliwe sikuwahi kumkatalia kaka yangu neno mbele ya watu. Hata nilipokuwa na haki. Akageuka akanitazama, na nilijisikia kama nimemvua ile suti mbele ya wageni. Lakini nilikuwa nimeshaanza, nikasema yote: sauti, wiki za kuziba masikio, mkono ndani ya mashine. Nilipofika kwenye visu nikamgeukia shemeji, akapokea. Alisema taratibu, huku analia, bila kumtazama mtu.

Daktari hakuandika. Alimgeukia kaka.

"Mzee wangu, hayo wanayosema ni kweli?"

Kaka akaninyooshea kidole. Halafu akasema, "Huyu nilimlea mimi. Nilimchapa aache kutia chumvi." Akashusha kidole. "Leo hajatia."

"Sauti zinasema nini?"

"Wananiita niwatoe. Najua hamna watu mle. Hiyo mashine nimeifungua nafikiri mara mia, hamna hata nafasi ya panya. Ila wakiita, naenda." Akakishika kiwiko chake. "Naiogopa ile mashine, daktari. Sijawahi kumwambia mtu. Fundi gani anaogopa mashine?"

Madaktari wakanong'onezana. Mama yule akaandika, akaandika sana, akapitisha karatasi kwa wenzake wakatia saini. Kisha akaweka kalamu.

"Mzee wangu, kazi ya mashine basi. Tumeandika kwamba huiwezi tena kwa sababu ya ugonjwa, na mfuko utakulipa pensheni yako. Ile barua ya kwanza tumeifuta."

Kaka akaitikia kwa kichwa. Shemeji akajifuta macho. Na wakati huohuo, nyuma ya mgongo wangu, nje, gari likanguruma, likarudi nyuma mpaka nikausikia mlango unatetemeka.

Nikaruka. Kiti kikaanguka. Nikasimama nimetandaza mikono mlangoni, mtu mzima wa kidato cha nne, nikapiga kelele, "Haondoki mtu hapa! Mtanipakia mimi kwanza!"

Hata kaka alinitazama kwa huruma.

"Kaka," akaniambia yule daktari, "ni nini?"

Nikamwambia. Gari lisilo na madirisha, kengele, Dodoma, namba. Kiatu. Nilipokuwa nasema kwa sauti mbele ya watu watatu waliovaa makoti meupe nilianza kusikia inavyosikika, lakini nilikuwa nimeshafika kwenye kiatu, sikuweza kurudi.

Hakucheka. Aliinuka, akanisogeza pembeni, akafungua ule mlango. Nje kulikuwa na gari jeupe, na wanawake wawili wanapakia mafurushi ya mashuka.

"Hilo ni la dobi," akasema. "Hakuna mtu anayechukuliwa hapa. Mzee anarudi nyumbani na nyinyi, anakunywa dawa, anahudhuria kliniki. Mara ya kwanza alinyimwa kwa sababu wenzangu waliwauliza hali yake, na nyinyi watatu mkasema ni nzuri."